Picha Kumi na Mbili za Vyombo vya Vita

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari za kutunza mbegu. Mtuwie radhi. Jambo jingine limetukuta huko Kavumu, nasi tumeona si vema kulipita kimya, kwa kuwa linahusu kuta za nyumba zetu na macho ya watoto wetu.

Wako marafiki wanne wa Kavumu. Wa kwanza ana chumba cha kupiga picha karibu na barabara kuu itokayo Bukavu kuelekea Katana. Ndiye awapigaye watu picha za vitambulisho, za ubatizo na za arusi. Wa pili ni fundi wa magari, mtu ambaye mikono yake haijapata kutakata kabisa mafuta tangu tulipomjua. Wa tatu ni mwalimu. Wa nne ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mpwa wa yule fundi, naye ana bidii kuwapita wote. Hao wanne wamepatana kutengeneza kalenda ya ukutani yenye karatasi kumi na mbili, na kila mwezi upambwe kwa picha ya gari la vita la zamani. Walituita tuwasahihishie maneno yatakayoandikwa chini ya picha. Tulikwenda Jumamosi moja baada ya chakula cha adhuhuri, tukidhani ni kazi ya saa moja. Tulirudi kwetu kwa taa, na tangu siku hiyo tumekwisha kwenda mara tatu zaidi.

Labda mtu atauliza: kalenda ni kitu gani hata iandikiwe habari ndefu namna hii? Mtu huyo na autazame ukuta wake. Vitabu ni vichache nyumbani mwetu, na vingine hufungiwa sandukuni. Lakini kalenda hutundikwa mahali pa kuonwa na kila aingiaye. Mama huandika juu yake siku ambayo mbuzi atazaa, baba huandika deni, mtoto hujifunza hesabu kwa kuzihesabu Jumapili zilizobaki kabla ya Noeli. Tena mwaka ukiisha, kalenda haitupwi. Picha ikipendeza hukaa miaka mitano, na pengine husaidia kuficha ufa. Kwa hiyo kile kilichotundikwa pale watoto hukisoma mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa gazeti hili, nasi twalisema hilo bila uchungu.

Kupenda magari ya kale ya vita si wazimu wa Kavumu peke yake. Huko Marekani wapenzi wa vyombo hivyo wana chama chao tangu mwaka 1976. Huko Ubelgiji, kila mwezi wa Desemba, watu huendesha magari ya mwaka 1944 katika njia za Bastogne, kukumbuka mapigano makubwa yaliyotokea pale katika theluji. Mtu hununua gari lililooza, akalifungua parafujo moja moja, akalisugua, akatafuta tairi za namna ileile, akalipaka rangi ya kijani iliyofifia. Kisha rafiki zake hulipiga picha, nao hufanya kalenda na kuuziana. Mwanafunzi wetu aliona kalenda ya namna hiyo kwa mgeni mmoja, na moyo wake ukawaka.

Fundi naye ana sababu yake. Anapenda gari la jipu kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alitueleza, akichora kwa kijiti mchangani, jinsi viwanda vya Willys na Ford vilivyotengeneza zaidi ya 600,000 kati ya mwaka 1941 na 1945, na jinsi kifaa cha gari la kiwanda kimoja kilivyoweza kutiwa katika gari la kiwanda kingine bila ugomvi. Injini ni ya mitungi minne, rahisi, na kila kitu kinafikiwa kwa mkono. “Magari ya siku hizi,” alisema, “yakiugua yanataka daktari mwenye kompyuta. Jipu lilitaka mtu mwenye akili na ufunguo wa nati.” Hatukuwa na la kumjibu.

Tulikuwa tumeketi uani kwa mama yake huyo fundi. Yeye ni mjane mwenye umri, mzaliwa wa upande wa Fizi karibu na ziwa Tanganyika. Alikuja Kavumu kumfuata mwanawe alipopata kazi. Alikuwa akipukuchua maharage juu ya ungo, hasemi neno. Picha saba au nane zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka. Mwalimu alikuwa akitusomea majina: gari la deraya hili, lori lile, jipu la mwaka fulani. Ndipo yule mama alipoacha maharage yake.

“Wanangu,” alisema, “ninyi mnayaita magari ya zamani. Zamani ni lini?”

Mwanae alijibu kwa adabu kwamba mengine yana miaka themanini, mengine mia na zaidi.

“Sawa, baba. Lakini mimi masikio yangu hayajui kuhesabu miaka. Nikisikia gari zito linapanda barabarani usiku, najua kabla yenu kama ni la bia au ni la askari. Sasa nikiamka kunywa maji, taa ikimulika ukutani, nikutane na gari la chuma linanitazama? Nani atanunua kitu hicho hapa?”

Wote walinyamaza. Mpiga picha alizigeuza picha zake kifudifudi juu ya mkeka, moja baada ya moja, kana kwamba amekutwa na kosa.

Wasomaji wa mbali wasidhani kwamba mama yule alisema kwa woga wa kizee. Kavumu ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Bukavu, nao anayeutaka mji huutaka uwanja kwanza. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliutwaa uwanja ule, na siku mbili baadaye mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwao. Kabla ya hapo watoto wa Kavumu walikuwa wamezoea kuona magari meupe ya Umoja wa Mataifa, mpaka askari wale walipoondoka Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Na kabla ya hao walikuwako wengine, na kabla ya hao wengine tena. Mwenye miaka hamsini hapa ameona rangi nyingi za magari ya vita. Mtu wa Bastogne anatundika jipu ukutani kwa kuwa vita ile kwake ilikwisha mwaka 1945. Mtu wa Kavumu atundike nini?

Hata hivyo hatukukubaliana na mama yule katika kila neno, nasi tulimwambia hivyo kwa heshima. Tazameni watoto wanavyocheza. Huchukua waya na vipande vya kandambili zilizokatika, wakaunda lori zuri lenye magurudumu yanayozunguka. Kisha mmoja huchomeka kijiti juu yake, na kijiti hicho ni bunduki. Hakuna kalenda iliyowafundisha. Mambo hayo yamo machoni mwao tayari, na kuwaficha picha hakuyatoi. Linalowapungukia ni mtu wa kuwaeleza gari lile lilitoka wapi, nani alilivuta lilipokwama, nani alilala njaa ili lipate kupita.

Hapo ndipo tulipoyasoma maneno yaliyokuwa chini ya picha, nayo kwa kweli yalikuwa mabaya. Kijana hakukosea tahajia. Aliyanakili vema kutoka katika vitabu. Yalikuwa yanasema uzito, unene wa chuma, nguvu ya injini, kasi kwa saa moja, na jina la kiwanda. Katika picha zote nane hakuwamo hata mtu mmoja kwa maandishi, ingawa katika picha tano watu walionekana waziwazi wamesimama kando ya gari, wengine hawana viatu. Tulimwuliza kijana, “Hawa ni nani?” Alisema, “Kitabu hakikusema.” Tukamwambia basi kitabu kimempa nusu ya kazi, nusu iliyobaki ni yake.

Kuanzia hapo kalenda iligeuka. Tuwape mfano wa mwezi wa Januari, kwa maana ndio uliotupa furaha nyingi.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Wajerumani ndizo zilizotawala ziwa Tanganyika. Waingereza walituma mashua mbili za injini kwenda kuzipinga. Mashua hizo zilikuwa za mti wa mahogani, urefu wa mita kumi na mbili hivi, na majina yao yalikuwa Mimi na Toutou, ndivyo watoto wa Paris wanavyowaita paka na mbwa. Kwanza kamanda Geoffrey Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wake wakakataa. Basi akawashinda kwa Kifaransa. (Kamanda huyo alikuwa mtu wa majivuno mengi, tena alipenda kuvaa sketi. Mwanafunzi alitaka tuandike hilo chini ya picha. Tulikataa, ila hapa limetuponyoka.)

Mashua zilivuka bahari mpaka Cape Town, zikapandishwa gari moshi mpaka Fungurume katika Katanga. Reli ikaishia pale. Mbele yao palikuwa na milima ya Mitumba, na kilomita zipatazo 230 za msitu na vilima hadi kituo cha Sankisia ambako reli nyingine ilianzia. Mwezi wa Agosti 1915 walianza kuzivuta mashua juu ya nchi kavu, kwa injini mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa ya chuma, na kwa ng'ombe wengi. Ilikuwa kazi ya wiki sita. Walifika Sankisia mwisho wa Septemba, wakashuka kwa mto Lualaba na kwa reli, na mwezi wa Oktoba walikuwa ziwani, mahali tunapopaita leo Kalemie.

Vitabu vingi humsifu kamanda na injini zake. Lakini ulizeni: nani alikata miti ili njia ipatikane? Nani alijenga madaraja zaidi ya mia juu ya mabonde na vijito, yapite mazigo yale mazito? Ni watu wa Katanga, kwa shoka na majembe. Tena injini ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe aliyetoka jangwani, na ule ulikuwa wakati wa kiangazi. Maji yalipokwisha, wanawake wa vijiji walichota mbali na kuyaleta kwa mitungi kichwani, yamiminwe ndani ya tumbo la injini ya Waingereza. Pasipo mitungi hiyo, Mimi na Toutou zingaliozea mlimani, na siku hizi zingalikuwa mabanda ya kuku.

Mama mjane alisikiliza habari ya mitungi, akatikisa kichwa. “Hao wanawake walilipwa?” aliuliza. Mwalimu alisema vitabu alivyosoma havitaji ujira wao. “Andikeni basi kwamba walichota,” alisema, akarudia maharage yake. Hayo yaliandikwa.

Kuhusu vita yenyewe kalenda itasema kwa kifupi. Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Noeli, Waingereza walikuwa katika sala ya asubuhi meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani ilipotokea. Walimaliza sala kwanza, ndipo walipotoka, wakaiteka. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha meli ya pili, Hedwig von Wissmann.

Picha ya Februari ilileta ubishi mkali. Mwalimu alitaka kuweka picha ya wapagazi wa vita ile, waliobeba mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, risasi, unga na machela ya wagonjwa, kutoka Kongo mpaka Tabora, mji uliotwaliwa na majeshi ya Kongo ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Fundi alipinga. “Kalenda ni ya magari,” alisema. “Mtu si gari.” Mwalimu alimjibu kwamba katika vita ile mtu alifanywa gari, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa kubeba na barabara hazikuwako. Upande wa Waingereza wapagazi walikuwa wengi hata wakaundiwa jeshi lao, na jina la Kiingereza la jeshi hilo, watu walipolitamka kwa ndimi zao, likawa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambamo leo watu wanauza nyanya na vitambaa. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na uchovu kuliko kwa risasi. Fundi alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Basi waingie. Lakini tuandike ‘vyombo vya vita’ juu ya kalenda, tusiandike ‘magari’, maana sipendi kuwaita watu gari.” Ndiyo maana kichwa cha habari hii kiko kama kilivyo.

Tumefika sasa kwenye picha ya Machi. Picha hii iliinuliwa na mpiga picha kutoka chini ya nyingine, bila yeye kujua ameinua nini.

Ilikuwa picha ya meli. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaipa jina la gavana wao wa zamani, Graf von Götzen. Kisha wakaifungua yote, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa tena na kushushwa majini Februari 1915. Juu yake waliweka mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile waliyoizamisha wenyewe katika mto Rufiji mwaka huohuo. (Mzinga mwingine wa Königsberg uko hata leo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, na watoto hupanda juu yake kupigwa picha.) Baadaye mzinga wa meli ulihitajiwa nchi kavu, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti wa kuwatisha adui. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli kwa mikono yao. Lakini mafundi waliipenda mno, kwa maana waliipaka injini grisi nene kwanza, wapate kuikuta nzima siku nyingine. Waliofaidi grisi ile ni Waingereza. Waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 meli ilianza kazi ya kubeba abiria na mizigo kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa.

Mwalimu alipotamka neno Liemba, mama mjane aliweka ungo chini. Aliomba picha. Aliisogeza karibu na macho, akaishika kwa ncha za vidole.

“Hii naijua,” alisema.

Mwaka 1996 vita vilipofika upande wa Fizi, yeye na mumewe walivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kigoma, wakakaa katika kambi ya wakimbizi. Mumewe alifia huko. Mwaka 1997, Mobutu alipokwisha kuanguka, Umoja wa Mataifa uliikodi Liemba kuwarudisha watu wa Kongo makwao. Ilivuka ikirudi, ikivuka ikirudi, mpaka ilipobeba zaidi ya watu 75,000. Mama huyu alikuwa mmoja wao. “Tulilala sitahani kama dagaa walioanikwa,” alisema. “Huyu fundi wenu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Nilimfunga kifuani kwa kikwembe, naye alinitapikia usiku kucha. Nikawa nasema moyoni, tapika, mwanangu, lakini tufike.”

Fundi hakuwa akijua. Aliwahi kuambiwa kwamba walikuwa ukimbizini, kama watu wengi wa Kivu wanavyoambiwa; jina la meli hakulijua kamwe. Na yeye ndiye aliyekuwa ameitafuta picha ile, kwa sababu ya injini. Alitaka kusema jambo, hakulisema. Aliondoka kwenda kuangalia betri ambayo, kwa kadiri tulivyoweza kuona, haikuhitaji kuangaliwa.

Maneno ya picha ile yalikuwa yamekwisha kuandikwa: meli ya vita ya Wajerumani, urefu, uzito, mzinga. Mama aliyataka yaongezwe. Alitaka yasemwe mambo mawili: kwamba meli hii iliwarudisha watu, na kwamba wenyeji wa Kigoma waliwapa maji. Mwalimu aliongeza la tatu, kwamba mwezi wa Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, Liemba ilikwenda tena Kagunga kuwachukua wakimbizi na kuwapeleka Kigoma, watu mia sita kwa safari moja. Maneno yamekuwa marefu kuliko nafasi, na mpiga picha amelazimika kuipunguza picha kidogo. Hakunung'unika.

Picha za miezi mingine hatutazieleza zote, tusije tukamnyima mtu sababu ya kuinunua kalenda. Imo picha ya hospitali ya vita kutoka Kongo, ile ya kumi, iliyokwenda Burma pamoja na majeshi ya Afrika ya Mashariki katika vita vya pili: Wakongo waliwapokea majeruhi katika matope ya nchi ambayo baba zao hawakupata kusikia jina lake. Gari lenye msalaba mwekundu nalo ni chombo cha vita. Fundi hakubishana tena. Imo picha ya gari la deraya aina ya Ford, lililoundwa Ireland, ambalo askari wa Ireland walikuwa nalo Jadotville, yaani Likasi, walipozingirwa mwezi wa Septemba 1961. Imo pia picha ya pikipiki ya magurudumu matatu iliyoshuka angani na askari wa miavuli wa Kibelgiji huko Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Fundi anaicheka, lakini anaitamani.

Kulikuwa na picha moja zaidi ya mwaka 1967, wakati mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba. Ilionyesha wazungu wenye silaha wamekaa juu ya gari, wakicheka. Marafiki walipiga kura. Watatu walisema itolewe, mwanafunzi peke yake alisema ibaki, kwa sababu ni historia. Sisi tulikuwa upande wake, kwa sharti kwamba chini yake isimuliwe habari ya mji ulioachwa umebomoka. Lakini hatukuwa na kura.

Sasa shauri moja kwa vijana watakaotaka kuiga kazi hii. Marafiki hawa hawakupiga picha hata moja ya gari la askari wa leo, wala karibu na uwanja wa ndege, na ninyi msijaribu. Hiyo si kazi ya mchezo. Mtu anaweza kupoteza kamera, na pengine zaidi ya kamera. Tena wako watakaosema: “Twende tukapige picha gari bovu lililoachwa porini.” Chuma kilichoachwa na vita mara nyingi kina kitu kilicholala ndani yake au chini yake. Usikiguse, usikipige teke, usimtume mdogo wako akakisogeze. Weka alama mbali, kawaambie wakubwa. Na picha za zamani zina wenyewe. Mwalimu ameandika barua kwa majumba ya makumbusho ya Ulaya kuomba ruhusa. Mengine yamekwisha kujibu, mengine hayajajibu, na picha ambazo hazijajibiwa zimewekwa kando. Kazi inachelewa kwa sababu hiyo. Fundi anasema mwaka hauwezi kungoja barua, lakini anangoja.

Zimebaki gharama za kuchapa, nazo si ndogo. Kiwanda cha chapa kimetaka malipo ya nusu kabla ya kuanza. Wamekubaliana kuchapa chache kwanza, na mama mjane amekwisha kuagiza yake, ingawa ameonya kwamba mwezi wa Machi ukiisha hataufungua mwezi wa Aprili.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi, wasomaji. Picha kumi na moja zimepatikana. Mwezi wa Novemba uko wazi. Kwa kuwa ni mwezi tunaowakumbuka marehemu wetu, marafiki hawa hawataki kuujaza kwa picha ya kitabuni. Katika picha walizoletewa mpaka sasa, mzungu ana jina na cheo. Mwafrika ameandikwa “dereva”, au hakuandikwa kabisa. Wanatafuta picha ya mtu wa Kivu, dereva au fundi au mpagazi au askari wa zamani, aliyesimama kando ya chombo chake, tena mwenye jina lake lote linalojulikana na watoto wake. Pengine iko nyumbani kwenu, katika lile sanduku, chini ya cheti cha ndoa. Anayo mtu? Mpiga picha wa Kavumu ataiiga mbele ya macho ya mwenyewe na kuirudisha saa ileile. Anaomba tu isikunjwe. Iletwe katikati ya vipande viwili vya katoni, imefungwa kwa uzi, na jina liandikwe kwenye katoni, wala si nyuma ya picha, kwa maana kalamu ya wino hupenya.